Kushusha gari na kuchagua rimu kwa barabara za Mbeya na Iringa

Watu wanaonitafuta wakitaka kushusha gari huanza na swali la rimu: nivalishe inchi 17 au 18? Nami huwauliza tuta la mtaani kwao lina kimo gani. Wengi hucheka, wakidhani nawakwepa. Lakini huku kwetu jibu la swali la kwanza limo ndani ya la pili.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari lenye mwendo ambalo pia ni la kazini: Altezza, Verossa, Mark II GX110, Mark X, Subaru Impreza na ndugu zao. Gari linalolala nje Ilomba au Kihesa, Jumatatu linapeleka watoto shule, Jumamosi linapanda Mlima Nyoka au kuteremka Kitonga. Mifano mingi nimeitoa kwenye Altezza kwa sababu ndiyo niliyoharibu na kuitengeneza kwa mikono yangu, ila hesabu ni zilezile kwa gari lolote.

Hatua ya 1: Pima tuta lako

Nunua nusu kilo ya unga wa ngano, ukande uwe mgumu kidogo, tengeneza madonge matatu yenye kimo cha sentimita 15 hivi, uyafunge kwa mfuko mwepesi wa nailoni. Panga gari kama linavyotembea siku mbaya: watu wanne, tenki limejaa, na kama una kawaida ya kurudi na ndizi za Tukuyu au gunia la viazi vya Isyonje, pakia. Tafuta tuta baya kuliko yote katika njia yako ya kila siku. Weka donge moja katikati, juu kabisa ya tuta, mengine mawili kwenye mstari wa bomba la moshi na wa ukingo wa chini wa bodi. Pita taratibu. Shuka upime kilichobaki cha kila donge.

Donge lililobondeka kuliko mengine ndilo linalokupa nafasi halisi. Likibaki na sentimita 7, ukishusha gari sentimita 3 umebakiza 4. Likibaki na 4, ushauri wangu ni kwamba gari hilo lisishushwe hata kidogo. Hela ipeleke kwenye shokapu na matairi. Fanya kazi hii alfajiri. Mimi niliifanya saa moja na nusu asubuhi, na jirani mmoja mama wa makamo akasimama akaniangalia nilivyopiga magoti barabarani na madonge yangu, akaniuliza kama niko salama. Mpaka leo sijui aliwaza nini.

Kumbuka pia barabara kuu. Kati ya Uyole na Igawa, na hata mbele kuelekea Makambako, malori ya mizigo ya Zambia na Kongo huacha mikondo kwenye lami ya moto. Matairi yako yakiingia kwenye mikondo, katikati ya barabara kunakuwa juu kuliko magurudumu yako, na nafasi uliyoipima kwenye tambarare inapungua bila wewe kuona tuta lolote.

Hatua ya 2: Tibu kilichochoka

Gari lililotoka kiwandani Japani mwaka 2001 lina bushi (zile raba za kwenye maungio ya chini ya gari) za mwaka 2001, isipokuwa mtu amezibadilisha. Raba huzeeka hata gari likiwa limepaki. Ukifunga springi mpya ngumu juu ya bushi zilizokufa, ile nguvu inayorudishwa na springi inaenda kuchezesha mkono wa chini, chuma kinachoshikilia gurudumu, na usukani unakuwa kama wa boti. Halafu mwenye gari anasema springi ni mbaya.

Inua gari, lipumzike kwenye stendi imara (jeki peke yake haitoshi, hata kwa dakika mbili). Shika tairi juu na chini ulitikise: mchezo hapo ni boljointi au beringi. Shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni tairodi. Ingiza mtaimbo mdogo kati ya mkono na kiini cha bushi, uusukume taratibu huku ukimulika tochi. Raba nzima hunyumbuka na kurudi. Raba iliyokufa hufunguka mdomo. Angalia linki za stablaiza (ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), ndizo mara nyingi zinazogonga "tok tok" kwenye barabara ya vumbi na watu wakadhani ni shokapu.

Shokapu yenyewe usiihukumu kwa kubonyeza boneti tu. Angalia kama mwili wake umelowa mafuta yaliyoshika vumbi. Pitisha kiganja juu ya tairi la upande huo: likiwa limeliwa kwa mawimbi, hapa juu pale chini, shokapu haishiki tairi chini tena. Ukiitoa, ibonyeze kwa mkono hadi mwisho na uivute. Inatakiwa ikubishie mwendo wote, bila sehemu inayopita bure.

Kwa gari linalotembea kati ya Mbeya na Iringa, shokapu mpya zenye ubora pamoja na bushi mpya, kwenye kimo kilekile cha kiwandani, ni asilimia kubwa ya raha unayoitafuta. Nimewahi kumshawishi mtu aishie hapo. Alikuja na hela ya koilova (shokapu na springi za kupandisha na kushusha kimo), akaondoka na shokapu nne za KYB, bushi za mikono ya mbele na chenji. Mwezi uliofuata akanipigia akiwa Mafinga kusema gari "limerudi utotoni".

Hatua ya 3: Springi

Una njia tatu na nusu.

Hiyo nusu ni kukata springi, nami niliipita. Altezza yangu nilikata raundi moja kila kona. Fundi aliniambia, "Kaka, hii itakaa tu," nami nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Hesabu yake ni hii: springi yenye raundi sita zinazofanya kazi ukikata moja, ugumu unapanda kwa asilimia 20, kwa kuwa ugumu hupanda kadiri raundi zinavyopungua. Ugumu huo wenyewe si tatizo. Tatizo ni kwamba springi imekuwa fupi kuliko nafasi ya shokapu ikinyooka. Nikiwa nateremka Iwambi kuelekea Mbalizi, gurudumu la nyuma likaingia shimoni, shokapu ikanyooka, springi ikalegea na kuzunguka kwenye kikalio chake. Iliporudi ilikaa upande. Sikupata ajali, ila gari lilibaki limeinama kama mtu mwenye kibiongo hadi nilipofika gereji. Kuchoma springi kwa gesi ili ilale ni kubaya zaidi: unaua chuma chenyewe, na kitaendelea kulala kila wiki.

Njia ya kwanza kamili ni springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lako, zinazoshusha milimita 25 hadi 30 na kuwa ngumu kidogo kuliko za kiwandani. Zifunge na shokapu mpya, na uulize kama raba ya ndani ya shokapu, ile inayozuia chuma kugonga chuma, inatakiwa kupunguzwa. Kwa asilimia kubwa ya wasomaji wa huku kwetu, hapa ndipo pa kuishia.

Njia ya pili ni koilova, zile zenye uzi mwilini wa kupandisha na kushusha. Zipo za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko jina lililoandikwa kwenye boksi. Aina moja unashusha gari kwa kuteremsha kikalio cha springi. Ukishusha sana springi inacheza huru gari likinyanyuliwa, na shokapu inabaki na mwendo mfupi wa kwenda chini. Aina nyingine unashusha kwa kuzungusha mwili wote wa shokapu ndani ya mguu wake wa chini, hivyo springi na mwendo wa shokapu vinabaki vilevile. Ukiweza, chukua ya pili. Halafu tazama ugumu ulioandikwa kwenye springi kwa kilo kwa milimita. Seti nyingi za kijapani za mtumba zina kilo 8 hadi 12 au zaidi, namba za watu wenye lami kama kioo. Kwa kipande cha Chimala hadi Igawa zikiwa na kilo 10 mbele, utajua kila kokoto kwa jina lake.

Ukinunua koilova za mtumba, zungusha kila ringi ya uzi kwa mkono kabla ya kutoa hela. Zilizotumika kwenye theluji ya Japani, ambako hunyunyiza chumvi barabarani, mara nyingi uzi wake umeshikana na kutu, na koilova isiyozunguka ni springi fupi ya bei ghali.

Njia ya tatu ni kuongeza unene wa stablaiza tu bila kushusha gari. Gari linapunguza kulala kwenye kona na linabaki na kimo chake. Ni njia nzuri inayosahaulika, ila kuwa na adabu. Kwa gari linalosukuma nyuma kama Altezza au Mark X, stablaiza nene ya nyuma bila ya mbele inaufanya mkia upende kutoka, na kule Isongole kwenye ukungu na lami iliyolowa hutapenda. Kwa Subaru, ambayo kawaida yake ni kusukuma pua nje ya kona, stablaiza ya nyuma inasaidia kweli.

Kipimo cha mwisho cha macho, hasa kwa Impreza na magari mengine yenye shokapu inayobeba gurudumu moja kwa moja: gari likiwa chini, chungulia mkono wa chini wa mbele. Mkono ukiwa umelala sawa au unateremka kidogo kuelekea kwenye gurudumu, uko salama. Ukiwa unapanda kuelekea gurudumu, umeshusha kupita kiasi, na gari litalala zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa mwanzo, hata springi ziwe ngumu vipi. Wengi hawaamini hadi waendeshe.

Hatua ya 4: Soma rimu kama unavyosoma cheti

Kila rimu ina namba nne za kukubali au kukataa.

Ya kwanza ni matundu na umbali wake. Altezza, Mark II na Mark X ni tundu tano za 114.3. Impreza nyingi ni tundu tano za 100, ila STI za kuanzia 2005 ni 114.3. Kwa jicho zinafanana. Chukua rula, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu jirani: milimita 67 ni 114.3, milimita 59 ni 100. Usikubali kuambiwa "inaingia tu, ukigonga kidogo".

Ya pili ni tundu kubwa la kati. Habu za hizo Toyota ni milimita 60.1, Subaru 56.1, Honda 64.1, Nissan 66.1. Rimu ya STI ya 114.3 haiingii kwenye Altezza kwa sababu hii, ingawa tundu tano zinalingana. Rimu nyingi za kununua zina tundu la 73 hivi ili ziingie kila gari. Hizo zidai ringi za kujaza nafasi, 73.1 kwa 60.1. Bila ringi, rimu inategemea nati peke yake kukaa katikati, na kuanzia kilomita 90 kwa saa usukani unaanza kutetemeka. Utasawazisha matairi mara tatu bila kupona.

Ya tatu na ya nne ni upana na ET, nazo husomwa pamoja. ET ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu. Ikiwa kubwa, gurudumu linaingia ndani. Ikiwa ndogo, linatoka nje. Altezza yangu ilikuja na inchi 17 kwa 7 (kipenyo kwa upana), ET 50. Tuseme umeletewa 17 kwa 8, ET 35. Upana umeongezeka inchi moja, yaani milimita 25.4, nusu kila upande: 12.7. ET imepungua 15, kwa hiyo rimu nzima imesogea nje 15. Ukingo wa nje umetoka 12.7 jumlisha 15, sawa na 27.7. Ukingo wa ndani umesogea 12.7 kuingia ukatolewa 15, maana yake umekaa mbali na shokapu kwa milimita 2.3 kuliko mwanzo. Karibu sentimita tatu nje, kwa gari lililoshushwa, ni mazungumzo ya kukunja fenda.

Sasa jaribu 17 kwa 7.5, ET 42. Nusu inchi ni 12.7, kila upande 6.35. Nje: 6.35 jumlisha 8, sawa na 14.35. Ndani: nafasi imeongezeka 1.65. Gurudumu linajaza fenda vizuri, halitokezi, na haligusi chochote. Hii ndiyo ningenunua.

Rimu ya mtumba isiyo na namba? Ilaze kifudifudi juu ya boksi, mgongo ukiangalia juu. Weka rula ndefu iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo, pima kutoka kwenye rula kushuka hadi kwenye uso wa habu. Tuseme umepata milimita 146. Kisha pima unene wote wa rimu, ukingo wa nje hadi wa nje: 203. Nusu yake ni 101.5. Toa kwenye 146, inabaki 44.5. Hiyo ni ET 45, na kwa kuwa kingo zenyewe huongeza inchi moja hivi, upana wake ni inchi 7. Dakika tatu.

Tafuta pia alama ya JWL (kiwango cha usalama cha rimu cha Japani) iliyotoka pamoja na chuma, na upitishe kidole mgongoni ukitafuta mstari wa kuchomelea. Rimu iliyopinda kidogo hunyooshwa. Iliyopasuka na kuchomelewa, mwachie muuzaji.

Hatua ya 5: Tairi

Kama una hela ya kitu kimoja tu, ni tairi. Kona ya Kitonga haijui una koilova gani, inajua una raba gani.

Tairi 215/45R17 lina kipenyo cha milimita 625: inchi 17 ni 431.8, jumlisha kuta mbili za 96.75, yaani asilimia 45 ya upana wa 215. Ukibadilisha saizi, kaa ndani ya asilimia 3. Tairi 225/45R17 ni 634, zaidi kwa asilimia 1.4. Tairi 225/40R18 ni 637, asilimia 1.9, kwa hiyo kwa kipenyo vyote vinakubalika. Lakini tazama ukuta: la 18 lina milimita 90 tu kati ya rimu na shimo, na rimu yenyewe ni nzito zaidi. Kwa mitaa ya Mwanjelwa wakati wa masika, inchi 18 ni mapambo ya gharama. Nasema hivyo nikijua wapo watakaonikasirikia.

Upana nao una kero yake. Tairi pana linafuata ile mikondo ya malori kama treni ifuatavyo reli, na usukani unakuvuta huku na huku. Ukizidi 225 kwa gari la kilo 1,300 hadi 1,500, unapigana na barabara bila faida unayoweza kuihisi kwa mwendo halali.

Soma ukubwa wa mzigo: 87 ni kilo 545 kwa tairi, 91 ni kilo 615. Soma umri: namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nene lakini la miaka kumi limekauka, na mvua ya Rungwe ndiyo itakayokujulisha. Wenye Subaru, manne yote yawe saizi moja na yamelika sawasawa, la sivyo mnatafuna difu ya kati, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kulipa

Muuzaji mwenye nia njema atakuruhusu kuvalisha rimu moja mbele na moja nyuma. Rudisha donge lako la unga. Libandike ndani ya fenda, juu ya tairi, na jingine upande wa ndani mkabala na shokapu. Kata usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Paki gurudumu moja la mbele na la nyuma la upande wa pili juu ya ukingo wa barabara ili bodi ijipinde. Donge lililobaki na chini ya milimita 5 upande wa shokapu, au lililopigwa kabisa na fenda, limekupa jibu. Hakikisha pia rimu inapita kalipa ya breki, ukiizungusha kwa mkono mzunguko mzima.

Spesa, vile vipande vya kuwekwa kati ya habu na rimu ili gurudumu litoke nje, ninazikubali kwa shingo upande. Zile nyembamba za kuchomeka tu zinakula uzi wa stadi, bolti ya habu inayoshika nati. Kanuni ni rahisi: nati ishike uzi angalau sawa na unene wa stadi. Stadi ya Toyota ni milimita 12 na uzi wa 1.5, kwa hiyo nati izunguke mara nane kamili kabla ya kukaza. Ya Subaru ina uzi wa 1.25, hesabu mara kumi. Zikipungua, toa.

Hatua ya 7: Kufunga

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kazi nzuri inapoharibiwa na haraka.

Bushi nyingi za raba zimegandishwa kwenye chuma pande zote mbili. Fundi akikaza bolti zake gari likiwa limening'inia, bushi inafungwa ikiwa imejipinda. Ukishusha gari chini inapindishwa upande mwingine na kubaki hivyo maisha yake yote. Ndani ya miezi michache inachanika, na gari linakaa juu kuliko lilivyotakiwa. Kwa hiyo mwambie mapema, kwa heshima: "Fundi, bolti za mikono uziache zimeshikwa tu, tutakaza gari likiwa chini." Atakujibu, "Bosi, sasa nitaingiaje huko chini?" Jibu ni shimo la gereji, au mbao nne nene chini ya magurudumu. Kaza pale gari likiwa limebeba uzito wake. Mafundi wazuri wanalijua hili, ila foleni ya magari huwasahaulisha.

Nati: baadhi ya rimu za kiwandani za Toyota hutumia nati zenye kitako bapa na washa, wakati rimu nyingi za kununua zinataka nati zenye kichwa cha pia. Nati bapa kwenye tundu la pia inagusa ukingo tu, na italegea. Kaza kwa mpangilio wa nyota, na umalizie kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Toyota nyingi zenye stadi za milimita 12 ni Nm 103. Kukanyagia spana kwa mguu sio kipimo.

Hatua ya 8: Alaimenti

Gari likishuka, pembe za magurudumu zinabadilika, kwa hiyo alaimenti si hiari. Iache springi ikae kwa kilomita 200 hivi kwanza, kisha nenda. Omba uone namba, sio kuambiwa "tayari". Kwa matumizi ya mtaani, kemba ya mbele (mwinamo wa tairi ukilitazama kwa mbele) kati ya nyuzi hasi 1 na hasi 1.5 inatosha: tairi linainama kichwa ndani kidogo tu. Matairi ya mbele yasitazamane wala kupeana mgongo, yawe karibu na sifuri. Ya nyuma yatazamane kidogo kwa utulivu. Tairi likila upande wa ndani, watu hulaumu kemba, lakini mara nyingi mkosaji ni hayo matairi yaliyopeana mgongo. Kisha rekebisha taa za mbele, maana pua imeshuka.

Hatua ya 9: Barabarani

Chukua kebo tai, zile za plastiki ambazo mafundi umeme hufungia nyaya, uifunge kwenye fimbo ya kila shokapu inayoonekana, uisukume hadi kwenye mwili wa shokapu. Shokapu ikibonyea, mwili wake utaisukuma kebo tai kwenye fimbo na kuiacha palepale ilipofika.

Pima upepo asubuhi gari likiwa baridi. Ukitoka Mbeya Julai na baridi yake, iliyo mita 1,700 hivi, ukateremka hadi Kyela, joto litapandisha namba na kimo kitaishusha kidogo. Ukifika usitoe upepo tairi likiwa moto. Njia yangu ya majaribio ni Uyole, kupanda Uporoto, Isongole, hadi Kiwira na kurudi: ina matuta, kona za kila aina, na kwa kawaida mvua haikosekani. Nenda na abiria. Kwenye miteremko shusha gia, breki uziachie kazi ya kusimama. Sikiliza kama kuna kinachosugua kwenye kona za kulia zenye bonde.

Baada ya kilomita 100 kaza nati tena. Kisha chuchumaa kila gurudumu na tochi, uangalie kebo tai ziko wapi. Ikiwa imesukumwa hadi kwenye ile raba inayozuia chuma kugonga chuma, gari limekaa chini mno au springi ni laini mno. Rudi hatua ya 3. Ikiwa zimebaki sentimita mbili au tatu kabla ya raba kila upande, zikate kebo tai, uende ukaoshe gari, maana tope la Kiwira likikauka halitoki kirahisi.